Keki Nisiyoweza Kuionja

Maua,
Jumapili alasiri.

Kwa Baba, Mwalimu Njeru,

Nakusalimu kutoka huku Igembe, wewe pamoja na Mama, nikiomba karatasi hii iwakute mkiwa wazima, goti lako likiwa limekubali kukunjika na kifua cha Mama kikiwa kimetulia baada ya vumbi la Kiritiri. Je, mvua ilifika kweli au ni yale mawingu yanayopita tu kuelekea kwa wenzetu? Ndengu za Mama zimetoka? Na yule mbuzi mweusi aliyekuwa akivunja ua, mlimuuza au bado anawasumbua? Huku kwetu ni baridi na ukungu. Mwili wangu hauna maumivu, na hilo nalisema kwanza ili moyo wako usiruke unaposoma yanayofuata.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimepiga kila Jumapili, na kila Jumapili nimesema niko salama. Nikipiga leo nitasema hivyo hivyo tena, kwa sababu nikisikia sauti yako nashindwa. Karatasi hainiulizi kitu kabla sijamaliza. Nimekumbuka pia ulivyokuwa ukituandikisha barua darasani, halafu unaturudishia zimejaa wino mwekundu. Hii, tafadhali, isome mpaka mwisho kwanza. Kalamu nyekundu uichukue baadaye.

Jambo lenyewe ni hili. Pua yangu haisikii harufu yoyote, Baba, na ilipokwenda ilikwenda na ladha. Nikitia kitu mdomoni naweza kujua kama kina sukari, kama kina chumvi, au kama ni kikali kama ndimu. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Chai na maji moto yenye sukari kwangu ni kitu kimoja. Imekuwa hivi miezi minane sasa, tangu ile homa iliyonilaza kabla ya Krismasi.

Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, nguvu zikarudi, nami nikadhani pua imeziba tu. Nilijua ukweli siku ulipomtuma dereva na ule mkebe wa asali. Nilifunga macho kama ulivyotufundisha mimi na dada Njoki, ulipokuwa ukitupa kijiko kimoja kimoja na kutuuliza nyuki walikuwa kwenye maua gani. Mimi sikuwahi kukosea ile ya mgunga. Siku hiyo nilionja vijiko vitatu. Ilikuwa sukari nzito tu. Nikakupigia simu nikakwambia asali ya mwaka huu imeishinda ya mwaka jana. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nakuomba radhi.

Nilienda Meru mjini kwa daktari wa pua na koo. Alinimulika, akaniuliza maswali mengi, akasema mishipa inayobeba harufu iliumizwa na ile homa. Kuna wanaorudiwa, kuna wasiorudiwa, na yeye hawezi kuniambia mimi ni yupi. Aliniambia kila asubuhi ninuse karafuu, ndimu na kahawa, polepole, nikikumbuka vilikuwaje. Nafanya hivyo kila siku. Mpaka leo ni kama kunusa ukuta.

Sasa utaelewa kwa nini niliogopa kusema. Kazi yangu unaijua, ingawa nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Duka la keki la Madam Karimi liko barabara kuu. Vijana wakishapakia miraa yao na magari yakiondoka, wanapumzika, halafu alasiri wanakuja na wachumba wao kutafuta kitu kitamu na baridi. Wanachotaka ni kitu cha kupigwa picha. Kikombe cha maziwa ya barafu kilichorundikiwa krimu, biskuti na peremende mpaka kinataka kuanguka. Keki ya rangi saba. Keki ndefu inayomwagika chokoleti pembeni. Kabla hawajagusa kijiko wanatoa simu.

Sikuwa na neno na hilo. Kitu kinachopendeza macho kinampa mtu furaha kabla hajakila. Lakini nilipofika pale nilimkuta Madam akitengeneza krimu kwa yale mafuta magumu meupe, kwa sababu hayayeyuki, yanasimama wima siku nzima na yanashika rangi. Ukiyala yanaganda juu kwenye kaakaa na hayatoki. Na rangi nyekundu aliimimina mpaka krimu ikawa chungu. Tulibishana.

"Wawira, mtu anaiona kwanza," alisema. "Isipomvutia, hata hataingia ndani."

"Ataingia, Madam. Lakini atarudi kwa sababu ya nini?"

Alinipa wiki moja nijaribu njia yangu. Nilitumia siagi halisi, rangi nusu, pasheni iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Siku ya kwanza maua yangu ya krimu yaliinama mchana kama yaliyokosa maji. Nikajifunza kupoza bakuli kwanza, kufanya maua madogo, kupunguza kimo cha keki. Mwisho wa wiki wateja walikuwa wakiuliza ni nani amepika. Tukaelewana kuanzia hapo kwamba yeye hatanipunguzia siagi, nami sitamletea keki isiyo na sura. Hiyo ndiyo kazi niliyojivunia, Baba, kuyashika yale mawili bila moja kulimeza lingine.

Homa iliponiachia pua hii, nilikuwa na Kendi, msichana tuliyekuwa tukipika pamoja. Nilimwambia aonje kila kitu, eti nataka ajifunze. Alikuwa mwerevu. Baada ya wiki chache aliniuliza, "Dada, mbona siku hizi wewe huonji kabisa?" Nikamwambia nimekatazwa sukari. Hakuamini, lakini hakuuliza tena. Alikuwa akionja na kusema bila kuulizwa: ndimu imezidi, vanila haipo, hii weka tena dakika tano. Mwezi wa tano alienda kwao kujifungua, nami nikabaki peke yangu na mizani na macho.

Kilichoniumiza ni kwamba hapo ndipo nilipoanza kusifiwa. Kwa kuwa hakukuwa na ladha ya kufikiria, akili yangu yote iliingia kwenye rangi na umbo. Nilitengeneza maua ambayo watu waligusa kuona kama ni ya kweli. Picha za keki zangu zilienda mbali, oda zikaja hata kutoka Meru na Isiolo. Madam aliniambia mbele ya wateja kwamba sijawahi kupika vizuri kama wakati huu. Nilitabasamu. Jioni nilikaa kitandani chumbani mwangu nikala wali na maharagwe ambayo yalikuwa kama pamba iliyoloweshwa.

Halafu akaja Mutwiri. Ni mwanamume wa makamo, ana duka la vifaa vya ujenzi, anaishi na mama yake upande wa juu, penye mashamba ya chai. Mama huyo alikuwa amepasuliwa koo, na kwa miezi kadhaa alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Sasa madaktari walikuwa wamemruhusu kumeza vitu laini. Watoto wake walimuuliza anataka aanze na nini, akasema keki yenye krimu, kama ya harusi.

"Ifanye nzuri," Mutwiri aliniambia. "Tutakuwa wote nyumbani Jumamosi. Nataka aione ajue tumeshukuru."

Nilitia moyo wangu wote, Baba. Keki laini iliyoloweshwa maziwa, krimu nyeupe, majani ya chai ya krimu pembeni kwa sababu mama huyo alikuwa ameyachuma maisha yake yote. Lakini wiki hiyo stima ilipotea mara tatu, na katoni ya siagi niliyofungua ilikuwa imekaa siku nyingi kuliko nilivyojua. Ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena, na rangi yake haikuwa na kasoro. Ilikuwa imechacha. Mtu yeyote mwenye pua angejua mara tu akifunua karatasi. Mimi niliipima, nikaipiga, nikapamba.

Jumatatu Mutwiri alirudi na kipande ndani ya boksi. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikuja kugombana," alimwambia Madam. "Nimekuja kuuliza mliweka nini humu."

Madam alionja akatema kwenye kitambaa. Mutwiri akaeleza. Familia yote ilikuwa imemzunguka mama, simu mkononi, kila mtu akitaka kumpiga picha na ile keki. Alikula kijiko cha kwanza. Uso wake ukabadilika. Akameza kwa shida, akasema ni tamu, kwa sababu wote walikuwa wakimwangalia. Halafu akarudisha sahani. Wengine walipoonja wakaiacha, lakini yeye alikuwa ameshapelekwa kulala. Jioni akamwambia binti yake kwamba ugonjwa umemnyang'anya ulimi, na kwamba hakuna haja ya kula tena.

"Tangu Jumamosi hajagusa hata uji," Mutwiri alisema. "Tumemwambia keki ndiyo ilikuwa mbaya. Anasema tunamfariji tu. Anasema keki nzuri namna ile haiwezi kuwa mbaya."

Madam akanigeukia. "Nani alionja hii krimu?"

"Mimi," nikasema.

Akaanza kumlaumu aliyetuletea siagi, akamwahidi Mutwiri keki nyingine. Mutwiri alisema hataki keki, akaondoka. Nami nikarudi jikoni nikapamba vikombe kumi na viwili kwa ajili ya sherehe ya mtoto wa mtu, kila kimoja kikitoka kizuri.

Siku iliyofuata nilimfuata Madam stoo nikamwambia yote.

"Miezi minane," akasema. "Umekuwa ukinipikia na hujui unapika nini."

"Ndiyo, Madam."

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Hapana. Lakini nataka kwenda kwa yule mama nimwambie."

"Usiende. Ukienda, kesho Maua yote itajua duka langu lina mpishi asiyeonja. Acha wamtunze mama yao."

Ningeweza kutii, Baba. Sitaki ufikiri mimi ni jasiri. Lakini usiku huo sikuweza kuacha kumfikiria mtu aliyekaa mahali akiamini kitu kimekufa ndani yake, na hakijakufa, na mimi ndiye ninayejua. Jumatano niliomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikapanda bodaboda mpaka kwa Mutwiri.

Nilimkuta mama ameketi jikoni karibu na moto, amejifunika shuka, mwembamba sana, kitambaa shingoni. Nikamsalimia "Muga" kama wanavyosalimiana huku, akanijibu kwa sauti iliyokwaruza. Binti yake, Makena, alinipa kiti. Nikamwambia huyo mama kwamba mimi ndiye niliyepika keki, kwamba siagi ilikuwa imechacha, na kwamba sikujua kwa sababu pua yangu mwenyewe haifanyi kazi.

Alinitazama bila kupepesa. "Mutwiri amekutuma," akasema.

"Hajui kama nimekuja, Mama."

"Nyinyi watoto mnafikiri mzee hajui akidanganywa."

Nikamwomba Makena maziwa, mayai na sukari, nikaanza kupika kastadi kwenye lile jiko lao, kitu laini kisichohitaji ujuzi mwingi. Mama alikuwa akinitazama, amekunja uso. Nilikuwa nakoroga polepole, macho yangu kwenye maziwa, nikiona yako sawa kabisa.

"Maziwa yanaungua," akasema.

Nikaangalia. Juu yalikuwa meupe, yametulia. "Hayajaungua, Mama."

"Yameshika chini. Nimesikia harufu kitambo."

Nikatumbukiza mwiko mpaka chini ukatoka na ukoko wa kahawia. Makena, aliyekuwa nje akianika nguo, akaingia akisema kuna kitu kinaungua. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nikageuka nikamtazama mama, naye akanitazama, na nikaona ameelewa. Akaweka vidole vyake puani kwake mwenyewe, kama mtu anayehakikisha bado ipo.

"Mwaga hayo," akasema. "Anza tena. Moto punguza."

Nilianza tena, na safari hii nilikuwa nampelekea kijiko kila baada ya muda. Alionja kwa ncha ya ulimi. "Sukari inatosha. Weka chumvi, kidogo tu." Kisha, "Mayai bado yananuka, koroga." Nilifanya kila alichosema. Ilipoiva ilikuwa ya manjano iliyopauka, imejikata kando kando, kwenye bakuli la plastiki. Alikula nusu yake. Ilimchukua karibu saa nzima, kijiko kimoja, anapumzika, kijiko kingine. Hakuna aliyetoa simu.

"Haina sura," alisema alipomaliza, na nadhani alikuwa akinitania. Halafu akanishika mkono, akauliza, "Na wewe nani atakuonjea?"

Nililia hapo mbele ya watu nisiowajua.

Anakula sasa. Makena alinipigia juzi kuniambia amemaliza supu na amelalamika kuhusu chumvi. Hiyo ndiyo habari njema ya barua hii, na sina nyingine.

Madam alijua nilikokwenda. Mutwiri mwenyewe alikuja dukani kunishukuru, akimaanisha wema. Madam hakunifukuza. Aliniambia nibaki kupamba tu, nisiguse bakuli la kuchanganya, na akamleta mwanamke mwingine wa kupika. Nilidhani naweza kuvumilia. Lakini huyu mpishi mpya amerudisha yale mafuta meupe, kwa sababu ni rahisi kufanya nayo kazi, na rangi nyekundu anaitia kwa kijiko kikubwa. Naiona ilivyo nzito. Najua ilivyo chungu, nimeijua miaka yote. Wiki iliyopita nikamwambia apunguze.

"Kwani wewe umejuaje?" akasema, bila ubaya, kama mtu anayeuliza saa.

Madam alikuwa pale. Aliniangalia kidogo kisha akaangalia daftari lake la oda. Nikachukua ile krimu nikatengeneza nayo mawaridi ya keki ya harusi. Yalikuwa mazuri sana, Baba. Bibi harusi alipokuja kuyaona alifunika mdomo kwa furaha, akapiga picha, akaniomba nisimame kando ya keki niwemo. Nilisimama. Nilitaka kumwambia asiile.

Nimemwambia Madam nitamaliza mwezi huu na kuondoka. Hakunizuia. Alisema amesikitika, na nadhani ni kweli, maana hata yeye alikuwa ameanza kuipenda siagi. Sijui nitafanya kazi gani nikija huko. Mikono yangu bado inajua kupamba, lakini sitaki tena kumpa mtu kitu ambacho siwezi kukisemea. Labda nitapata mahali penye mtu wa kuonja na mtu wa kupamba, na wote wawili wakasikilizwa. Labda pua itarudi. Asubuhi hii nilinusa karafuu kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Mwambie Mama wewe, kwa lugha yenu ya jioni mnapokaa wawili, polepole, na umwambie asilie kwa sababu sijafa. Mpe pole Njoki dada yangu kwa kazi ya kuwatunza peke yake, na umwambie nitamsaidia palizi. Nisalimie Cucu, bibi yangu mzaa mama, kule Kanja utakapomtembelea, na umwambie naendelea kuvaa sweta aliyonifumia. Msalimie kaka Mugendi na mkewe na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Msalimie jirani yetu mwenye kinu, na mchungaji, na umwombe asinitangaze kanisani.

Jambo moja la mwisho. Najua Mama atataka kunipikia siku nitakayofika. Mwache apike, usimkataze. Nitakula kila atakachoweka mezani. Ila atakaponiuliza kikoje, Baba, nakuomba ujibu wewe kwanza, kwa sauti, na useme kila kitu unachokionja, usiache hata kimoja.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,
Wawira.